Sanduku Lenye Lakiri Nyekundu

4 Februari

Limefika! Sanduku limefika zima, halina mkwaruzo hata wa ukucha, na ninapoandika hivi limekaa juu ya kabati la vyombo na mtaa mzima umeshapita kulitazama!

Haya, sasa nikusalimu, maana nimeanza kama mtu asiyelelewa. Hujambo mwanangu? Unakula? Kile kikohozi cha vumbi la mbao kimeisha? Unafunga kitambaa puani kama nilivyokwambia, au ndiyo umeshakuwa mkubwa wa kuambiwa? Sisi hapa wazima. Dada yako anakusalimu; mwanawe wa pili ameota meno mawili ya juu na anauma kila kitu hadi ufagio. Baba yako yuko karakana, ana milango ya watu wa zahanati, anagombana nao kama kawaida kwa sababu wanataka upesi.

Sasa nirudi kwenye sanduku, maana ndilo lililonikalisha chini na kalamu, na unajua mimi shule niliishia darasa la nne, kalamu mkononi mwangu ni kama mwiko mkononi mwa baba yako.

Mwanangu, nilipotoa yale magazeti nilipiga kigelegele kabla sijajua napigia nini. Mbao nyeupe, laini kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Zile pembe, meno ya mbao yameingiana kama vidole vya mtu anayeomba dua. Nimetafuta msumari kwa miwani, nimetafuta bila miwani, hakuna. Kifuniko kimelala kwenye mfereji wake kama kimezaliwa humo. Halafu utepe, halafu ile lakiri nyekundu iliyogongwa muhuri wa shada la zabibu! Mimi mvinyo sijauonja tangu nizaliwe, lakini sanduku lake nimelinusa mpaka pua ikawasha.

Mshonaji wa ng'ambo ya barabara alikuja, unamjua, yule ambaye mwanawe ni karani wa kitu fulani na hatuishi kuambiwa. Akasema, "Ndani mna nini?" Nikamwambia, "Mna shampeni, mama. Chupa wanayofungua watu wakubwa wakimaliza kutia saini." Akasema, "Basi fungua tuione." Wee! Nikamwambia, "Lakiri ile unaiona? Ikivunjika hairudi. Wewe ukiletewa gauni la harusi unalivaa kwenda kufagia uwanja?" Akanyamaza. Hajawahi kunyamaza tangu ahamie mtaa huu.

Najua umeandika juu yake "Kwa Baba", kwa mkono wako, na ni kweli ni lake. Lakini kabati ni langu. Nimetangaza kwamba atakayegusa utepe ule atahama nyumba, na baba yako alikuwepo nilipotangaza.

Yeye alitoka karakana na vumbi kichwani, akalichukua, akalipima mikononi hivi, juu chini, kama anavyopima ubao kabla ya kuununua. Akasema, "Jepesi." Akalirudisha, akaenda kunawa. Unamjua mwenyewe, kwake neno moja ni hotuba. Maana yake kazi haina uzito wa bure. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Mtu aliyekuita fundi boksi, leo boksi limeingia sebuleni kwake na wageni hawataki kutoka!

Mama yako, ambaye shingo inamuuma kwa kutembea kichwa juu.


27 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako imenichekesha karakana nzima ikanitazama. Kikohozi kimepungua na kitambaa nafunga. Msalimie dada na huyo mla fagio.

Hapa kazi imekuwa nyingi. Tumepokea oda ya masanduku mia sita, nusu ya mvinyo na nusu ya shampeni. Watu wanadhani ni kitu kimoja. Chupa ya shampeni ni nene, ina mabega mapana, na ile sehemu inapolala ndani ya sanduku lazima uichonge upya, la sivyo inacheza. Ikicheza njiani, mteja anapokea vipande. Mwezi uliopita wenzangu walichonga masanduku arobaini kwa kipimo cha mvinyo, shampeni ikakataa kuingia. Tajiri wetu aliyapanga mlangoni tuyapite kila asubuhi. Mimi sikuwa kati yao, kwa hiyo unaweza kumwambia Mshonaji.

Lakini mama, hujaniambia. Baba alisemaje alipolifungua? Siulizi watu wa sebuleni walisemaje, nauliza yeye.

Unakumbuka maneno yake siku ile, nawe ulikuwa umesimama nyuma yake. Kwamba mlango watu wanaupita miaka hamsini, na sanduku la chupa linafunguliwa mara moja, linatupwa jalalani. Kwamba nikivuka kizingiti chake kwenda kutengeneza takataka, nisirudi mpaka yeye mwenyewe aniite. Nami nilivuka. Miaka mitatu sasa, na sijarudi kwa sababu hajaniita, wala sitakuja kusimama mlangoni kama mdai.

Nangoja jibu lake. Si lazima barua ndefu, neno moja linatosha. Ila liwe lake, mama, usimshike mkono. Mwache mwenyewe.

Mwanao.


16 Machi

Mwanangu mpenzi, fundi wa mafundi, hujambo? Sisi hapa salama salimini. Mvua imenyesha siku tatu, bati la jikoni limeanza tena kuvuja mahali pale pale, na dada yako amepandishwa cheo pale anapofanya kazi, sasa ana funguo. Mtoto ameota meno mengine. Ufagio tumeutupa.

Mia sita! Nimemsomea Mshonaji sehemu ile ya masanduku arobaini, nikasoma mara mbili pale unaposema wewe hukuwemo. Akasema, "Chema chajiuza, mama nanihii, hakipigiwi kelele." Nikamjibu kwamba kelele si za kuuza, ni za furaha, na asiye na furaha nyumbani kwake avumilie ya jirani.

Umeniuliza kuhusu baba yako. Amelifungua, mwanangu! Mbona alilifungua siku nyingi. Alikaa kwenye kiti chake, akatelezesha kile kifuniko, akafunga, akatelezesha tena, mara kumi, kama mtoto aliyepewa filimbi. Akatazama ndani kwa muda mrefu. Akatabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja. Na lakiri tumeitunza vilevile, usiulize vipi, sisi tuna njia zetu. Hakusema mengi, lakini wewe na mimi tunajua kuyasoma macho yake. Amependa sana. Tena sana.

Kwa hiyo tulia, fanya kazi. Jibu lake ndilo hilo.

Siku hizi anafanya kazi nusu siku. Ana mafua, yamemshika mkono wa kulia, sijui mafua gani yanashika mkono, lakini ndivyo mwenyewe anavyosema na mimi si daktari. Usiwe na wasiwasi.

Kula vizuri. Ukipata picha ya masanduku yote mia sita yakiwa yamepangwa, niletee, nitaitundika.

Mama yako.


2 Mei

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilifika Machi, niliisoma, nikaiweka.

Kama amelifungua na kutazama ndani, na jibu lake ndilo hilo, basi nimeelewa. Sina neno.

Likizo ya mwisho wa mwaka sitaichukua. Nimejiandikisha kwenda na lori kupeleka masanduku kwa wateja, kazi hiyo inachukua majuma mengi. Picha sina.

Msalimie dada na watoto.

Mwanao, Fundi Boksi.


20 Mei

Mwanangu, umeelewa nini?

Nimeisoma barua yako mara nne, ni fupi kiasi kwamba nilidhani ukurasa wa pili umedondoka posta. Nikarudi posta kuuliza. Yule bwana akanicheka. Hujaniuliza hata hali, mimi mama yako niliyekubeba mgongoni mpaka ukafika miaka minne kwa sababu ulikuwa unachagua njia ya kukanyaga! Na hilo jina uliloweka chini, lifute. Alilitamka mara moja kwa hasira, wewe unalitembeza miaka mitatu kama kitambulisho.

Hujambo lakini? Sisi hatujambo. Dada yako hajambo. Bati la jikoni limezibwa.

Baba yako siku hizi anakaa sana chumbani, kwa sababu ya joto. Milango ya zahanati imemaliziwa na mafundi wengine. Kila nikitoka posta baba yako ananiuliza, "Kijana ameandika?" Ilipofika hiyo yako fupi nikamwambia, ndiyo, ameandika, anakusalimu mno, anasema mkono upone. Akauliza, "Kasema nini kingine?" Nikasema ni hayo tu. Akageukia ukutani.

Kwenye barua yako salamu zake hazikuwemo. Nimezitafuta nyuma ya karatasi.

Ninyi wawili mmenichosha. Mmekaa kama bawaba mbili za mlango mmoja, kila moja inangoja mwenzake aanze kugeuka. Andika, mwanangu. Mwandikie yeye, kama mimi nimekukosea kitu.

Mama yako.


11 Julai

Mwanangu, hujambo. Juma la saba hili, hujajibu. Nimemuuliza bwana wa posta mpaka sasa akiniona kwa mbali ananionyesha mikono mitupu.

Salamu za nyumbani ni nyingi, nitakupa siku nyingine. Leo nina jambo linalonikaa kooni, na kama sikulitoa nitashindwa kula.

Nilikudanganya.

Sanduku halijafunguliwa. Halijafunguliwa hata siku moja. Yale ya kutelezesha kifuniko mara kumi, lile tabasamu, yote niliyatunga hapa mezani, nikajisikia vizuri nilipokuwa nayatunga, nikaona kabisa kama yametokea. Uliuliza kwa hamu, nikasema nitamnyimaje mtoto? Na lakiri ilikuwa nzima, inang'aa, watu walikuwa bado wanakuja kuiona. Wengine walitoka mtaa wa tatu. Niliwaambia ndani mna shampeni, na lile sanduku likawa ndilo heshima yangu.

Juma lililopita nilimwambia baba yako, "Mwite mtoto. Miaka mitatu inatosha, mwite." Akasema, "Aliyeniletea sanduku tupu, nimwite aje kunicheka mbele yangu?"

Nikasema tupu vipi?

Akasema, "Mama, mimi nimebeba mbao miaka arobaini na tano. Lile halina chupa. Nililipima siku ile ile. Ameniletea boksi tupu lenye utepe ili nione ameweza. Nimeona. Ameweza. Basi."

Kumbe "jepesi" ilikuwa hiyo! Nami niliitembeza mtaa mzima kama sifa.

Nikataka kulifungua pale pale, akasema, "Liache, mama. Usiniaibishe mara mbili." Na mimi nikaliacha. Sikufichi tena: niliogopa. Nilisimama mbele ya kabati na kisu cha jikoni mkononi, nikaogopa kwamba anasema kweli, kwamba ni tupu kweli, na kwamba miezi mitano nimepigia vigelegele hewa.

Niambie wewe, mwenye kuligonga. Lina kitu au halina?

Baba yako hajambo kidogo. Mkono bado unamsumbua. Amenikataza nisikuandikie habari za mwili wake. Anasema mtu haitwi kwa huruma.

Mama yako.


25 Julai

Mama! Mama yangu, shikamoo, shikamoo mara mia!

Vunja lakiri. Leo, ukimaliza kusoma mstari huu, ivunje. Lakiri ni nta tu yenye rangi, mama, nina ndoo nzima hapa, nitakugongea hata kwenye sufuria.

Ndani hamna chupa. Pale inapolala chupa, chini ya maranda, kuna barua. Ni ya baba. Siwezi kukuandikia ilivyoandikwa, ni kati yangu na yeye, lakini yeye akitaka uisome, isome. Miezi yote hii nilijua ameisoma akanyamaza. Nilikuwa napita karakana nikiona masanduku nataka kuyapiga teke. Kumbe hajaisoma!

Sikukasirikii. Nilikasirika kama dakika mbili hivi, halafu nikakuona na kisu chako mbele ya kabati, nikacheka mwenyewe, mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimepata mchumba.

Mpe mkononi. Mwambie kwanza apitishe kidole gumba kwenye pembe. Akiniita, nakuja. Kesho naondoka na lori kupeleka masanduku mia mbili ya kwanza, nitarudi katikati ya Agosti. Nikirudi nikakuta neno lake, hata kama ni neno moja, sitangoja mshahara wala ruhusa.

Mkono wake, mama, mkande kwa maji ya moto. Alikuwa hivyo hivyo mwaka ule wa mvua nyingi, ukapona.

Mwanao.


17 Agosti

Mama,

Karani wa karakana yetu amenipa ujumbe wako niliposhuka kwenye lori. Alisema ulipiga simu kutoka posta tarehe sita, akakujibu simu ni ya wateja, halafu uliposema kwa nini umepiga akaandika. Karatasi ilikaa kwenye msumari wake siku kumi na moja. Maneno matatu. Baba yake amefariki.

Mmeshazika. Najua haikuwezekana kungoja.

Hukuniambia alikuwa anaumwa.

Siji, mama. Usinielewe vibaya. Alisema nisirudi mpaka aniite. Sasa nije nipite mlango ule kwa ruhusa ya nani? Nikae kwenye kiti kipi?

Niambie jambo moja tu, nawe uniambie kweli. Barua yangu ya Julai ilimkuta? Aliisoma ile ya ndani? Aliniita?

Mwanao.


26 Agosti

Mwanangu,

Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Kalamu ninayo, maneno ninayo, na ndiyo yanayonitisha, maana unajua yalivyo mepesi kwangu.

Nianze na nililoficha. Yale hayakuwa mafua. Kilikuwa kiharusi, kilimpata Machi akiwa na randa mkononi, kikamchukua mkono wa kulia na tabasamu la upande ule, lakini aliweza kusema. Cha pili kilimpata tarehe ishirini na nane Julai. Hicho kilichukua sauti. Alinikataza nisikwambie, lakini si kwamba nilimtii. Mimi si mke wa kutii hivyo, unanijua. Sikusema kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu mume wangu ni chuma na mwanangu ni dhahabu, nikashindwa kurudi nyuma.

Barua yako ya Julai ilifika tarehe tatu Agosti, adhuhuri. Niliisomea pale pale posta. Nilikimbia, mwanangu. Kwa umri huu na kwa miguu hii, nilikimbia, kiatu kimoja kikabaki barabarani, Mshonaji ndiye aliyeniletea.

Alikuwa kitandani, amewekewa mito mgongoni, anasikia kila kitu. Dada yako alikuwepo, na Mshonaji na kiatu changu mlangoni. Nikavunja lakiri kwa kisu cha jikoni. Haikuchukua hata kupumua mara mbili. Miezi sita, na ilikuwa ni kazi ya kupumua mara mbili.

Nilimwekea sanduku mapajani, nikauchukua mkono wake wa kushoto, nikamwambia, mtoto anasema kwanza pitisha kidole gumba kwenye pembe. Akapitisha. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akarudi ya kwanza. Sijamwona akigusa kitu polepole hivyo tangu mlipozaliwa. Kisha akakitelezesha kifuniko mwenyewe. Akafunga. Akafungua. Hilo nilikuwa nimekuandikia Machi kwa uongo, Mungu akanionyesha Agosti likitokea.

Nikafukua maranda, nikatoa barua yako, nikamsomea. Nasoma taratibu, unajua, nafuata kwa kidole. Ulimwandikia kwamba hakuna msumari humo kwa sababu yeye ndiye aliyekufundisha kwamba msumari ni fundi kukiri ameshindwa. Kwamba kila sanduku ulilotengeneza, watu wanasifu utepe, na wewe unangoja mtu mmoja asifu pembe. Kwamba unajua litafunguliwa mara moja na kutupwa, ndiyo maana umempelekea yeye, asilitupe. Kwamba unangoja akuite. Nilipofika mwisho akanigusa mkono, nikajua nianze upya. Nikaanza upya.

Sasa unaniuliza kama alikuita.

Nilipomaliza mara ya pili alinitazama, akatazama mlango, akanitazama. Mdomo ukafunguka, sauti ikatoka. Lakini halikuwa neno, mwanangu. Ilikuwa sauti. Dada yako anaapa alisema "aje." Mshonaji anasema alikuwa anaomba maji. Nilimpa maji, akanywa kidogo. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, uso wangu ulikuwa kwenye uso wake, na sijui.

Ningekuwa mama yako wa Februari ningekuandikia alikuita mara tatu, kwa jina lako la utotoni, na machozi juu, na ungekuja mbio. Tangu tulipozika nimeshaitunga barua hiyo kichwani, ni nzuri, ungeipenda. Sikuandikii. Nilikudanganya mara moja ili ufurahi, ukakaa miezi ukiamini baba yako amekukataa, naye akafikia wiki yake ya mwisho akiamini umemcheka. Uongo wangu ulikuwa na nia njema na ndio uliowanyima ninyi wawili karibu miezi mitano. Kwa hiyo nakupa nilichokiona tu: kidole gumba, kifuniko, mlango, sauti. Siku tatu baadaye, asubuhi ya tarehe sita, alifariki, na sanduku lilikuwa pale pale kitandani upande wa ukuta, hakukubali liondolewe. Nililiweka pembeni ili tumwoshe.

Watu wakija kunipa pole wananiuliza liko wapi lile sanduku zuri. Nawaambia liko chumbani, na wasiniombe kuliona. Mshonaji ananisaidia kuwazuia. Amekuwa mtu mwema, au alikuwa hivyo siku zote na mimi nilikuwa napiga kelele.

Unasema uje kwa ruhusa ya nani. Nimelifikiria sana hilo, mimi wa darasa la nne. Yeye alikukataza, na ameondoka bila kulifuta kwa neno ambalo naweza kuliapia. Mzigo huo siwezi kukutua, na najua utaubeba. Lakini mimi sikukukataza. Siku ile nilisimama nyuma yake nikanyamaza, na nikadhani kwa kuwa sikukufukuza mimi, basi kukuita si kazi yangu. Miaka mitatu nilingoja mwanamume aseme neno ambalo mimi nilikuwa nalo mdomoni.

Njoo. Nakuita mimi. Kiti ni chochote, vyote alivitengeneza yeye, hakuna kitakachokukataa.

Ukoo unakutana kuamua habari ya karakana, nani ashike funguo au tuifunge. Baba yako mkubwa anakuja na wanawe, mafundi sita aliowafundisha wamesema watafika, dada yako na watoto wanatangulia Ijumaa, na Mshonaji amekubali kunipikia. Nimewaambia wote kwamba sijui kama utakuja. Hilo ni jambo la kwanza nililowaambia watu juu yako bila kuongeza kitu. Tunaanza saa nne asubuhi, Jumamosi, tarehe 14 Septemba.